Mashuka Manane ya Kitani

Tarehe 3 Februari

Kwa Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imekatika, bomba la uani limerudi kutoa maji, na darasa langu lina watoto sitini na mmoja ambao wote hushikwa na haja kwa wakati mmoja, hasa nikianza hesabu. Kama nilivyokuandikia mwezi uliopita, nimehama nyumba za walimu na sasa nipo hapa nyumbani kwa Mama. Chumba chetu ni kile kile, ila kitanda chako nimekigeuza meza ya madaftari. Shemeji hajambo? Na watoto je? Mama anakusalimu sana.

Sasa nina shida, Dada, na usicheke. Unayajua yale mashuka manane ya kitani aliyopewa Mama siku nyumba ya wageni ilipofungwa, baada ya kuwafulia miaka thelathini. Nimechukua mawili nikayafua kama ninavyofua kila kitu: maji yanayotokota, sabuni ya unga kwa konzi, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikakamua kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, nikayaacha juani mpaka jioni. Yametoka yamekakamaa kama kadibodi, na rangi yake ni ya meno ya mvuta sigara. Nimeyalalia siku moja tu, nikaenda shuleni na michirizi shavuni, watoto wakacheka mpaka kengele.

Niambie, kitani kinafuliwaje? Wewe ndiye dobi wa ukoo, unafulia hoteli nzima. Niandikie polepole, kama unamwandikia mtu asiyejua hata kufunga bomba.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 14 Februari

Kwa Kitinda,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anakoroma kama jenereta na bado anabisha kwamba hakoromi. Watoto wanakua upande wa miguu tu, suruali za mwaka jana zimekuwa kaptura. Kazini wamenipandisha cheo. Sasa nasimamia chumba chote cha mashuka, mashine sita na wasichana wanne, ambao nikiwapa mgongo wananiita Bi Mkaguzi. Wanadhani sisikii.

Barua yako nimeisoma nikakaa chini. Dawa ya kung'arisha, kwenye kitani! Haya, shika kalamu. Maji yawe ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Sabuni kidogo, na uikoroge mpaka iyeyuke yote kabla hujatia shuka, maana ikibaki chembechembe inaacha madoa. Lifue peke yake, usilichanganye na taulo wala jinzi. Suuza mara tatu, kisha mara ya nne kwa ajili yangu. Hayo ya kwako yamekakamaa kwa sababu sabuni imebaki ndani na jua limekausha kupita kiasi. Usilisokote kama unanyonga kuku. Linyanyue tu, liache lichuruzike. Ukianua, anua likiwa bado na unyevunyevu, upige pasi ya moto hapo hapo kwa upande wa ndani. Na kabatini usilifungie kwenye mfuko wa plastiki, litageuka njano. Hayo mawili uliyoyaharibu yaloweke siku nzima kwenye maji matupu, ubadilishe maji mara mbili, uanze upya. Kitani kina moyo wa kusamehe, kuliko mimi.

Umeshika? Sasa zamu yangu. Haya niliyokuandikia nani alinifundisha? Mama. Nani ameyafua mashuka hayo kwa mikono yake mpaka kucha zikalainika? Mama. Na Mama yuko chumba cha pili, ukipiga chafya anakuitikia. Sasa kwa nini utume barua ya siku kumi kumuuliza mwanafunzi, na mwalimu umekaa naye ndani? Na ilikuwaje Mama akuone unatumbukiza shuka lake kwenye maji yanayotokota asikuchape kwa kata?

Nijibu hilo. Ningepiga simu, lakini ya hapa ni ya wageni, na ya shuleni kwenu inalia mpaka inachoka.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Kwa Dada, yaani Bi Mkaguzi,

Shikamoo, na hongera ya cheo. Huku salama. Mwalimu mkuu ameota kitambi kipya, na jirani amepaka nyumba yake rangi ya waridi, ukipita lazima ufinye macho.

Mbona mkali? Siku ile Mama alikuwa na mafua, amelala, sikutaka kumwamsha kwa habari za kufua. Mwezi wote ule mafua yalimsumbua. Sasa ni mzima kabisa. Nimefuata kila neno lako. Yale mawili yamelowekwa, yamesuuzwa, yamelainika, sasa nayalalia kama malkia. Na ya Mama nayafua kila Jumamosi: maji ya vuguvugu, mara nne, sisokoti. Mama anasema nimekuwa dobi.

Halafu kuna swali si langu, la mwalimu mwenzangu. Anauliza: mtu akiwa na mashuka mawili ya kitani ya kitanda kidogo, anaweza kuyaunganisha yakawa shuka moja la kitanda kipana? Mshono hautaumiza mgongo? Akilifua halitajikunja vibaya? Anahitaji jibu mapema kidogo, kama hutajali.

Mama anakusalimu sana.

Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kwa Kitinda,

Marahaba. Hatujambo, asante. Mtoto mkubwa amevunja dirisha la jirani kwa mpira na mdogo amejitolea kuwa shahidi dhidi yake. Wamechukua kwa mama yao.

Mwambie huyo mwalimu mwenzako asiunganishe mawili kwa ubavu, mshono utapita katikati ya kitanda na kila mtu ataukimbia. Achukue shuka moja lilivyo. La pili alikate katikati kwa urefu, ashone nusu moja kila upande. Mishono itakaa pembeni, mgongo utabaki salama. Kabla ya kukata ayafue yote mawili kwanza, yasije yakanywea baadaye kwa vipimo tofauti.

Hilo limekwisha. Sasa nisikilize, maana mimi kazi yangu ni kutazama kitu kimechafuka wapi. Tarehe tatu Februari uliandika hamjambo. Leo unasema mwezi huo huo Mama alikuwa hoi kwa mafua. Lipi ni lipi? Pili, huyo mwalimu mwenye mashuka ya kitani ni mwalimu gani? Katika mji mzima ule namjua mtu mmoja tu mwenye kitani: Mama. Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha. Barua zako zinasema "Mama anakusalimu sana," basi. Mama hasalimu hivyo. Miaka yote ukiniandikia anataka uongeze neno lake: mwambie asibebe vitu vizito, mwambie yule mume wake apunguze chumvi, mwambie nimeota ameanguka. Hizi salamu zako mbili ni kama za kwenye redio.

Sisemi kitu. Nasema tu nimeona.

Kuna shuka moja la Mama ambalo pindo lake lilianza kufumuka nilipokuja mara ya mwisho. Hapa nina cherehani nzuri. Nitumie kwa posta, moja tu kati ya hayo unayoyafua kila Jumamosi, nililipigie pindo nilirudishe.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Kwa Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, ilikuwa mitihani, nimesahihisha mpaka naona alama za vema kwenye ukuta.

Shuka ndilo hilo. Nimelifua Jumamosi iliyopita, bado lina harufu ya jua. Pindo sijaliona lilipofumuka, labda wewe utaliona. Usihangaike kulirudisha haraka, yapo mengine.

Mama anasema usibebe vitu vizito.

Kitinda


Tarehe 20 Aprili

Kitinda,

Leo salamu zitangoja.

Shuka limefika. Nililifungulia ofisini, nikawaambia wasichana wasiingie. Pindo ni zima. Lilikuwa zima tangu mwanzo, nilikudanganya, na sioni aibu kwa sababu wewe ulianza.

Hukuwahi kukaa karibu na Mama siku ya kukunja, ulikuwa unakimbilia kucheza. Kwa hiyo hukujua. Kitani ukikikunja mahali pale pale kila mara, uzi unakatika kwenye mkunjo kama karatasi. Ndiyo maana Mama wiki hii anakunja mara tatu, wiki ijayo mara nne, wiki inayofuata anaanzia upande mwingine. Hajawahi kukosea tangu namjua. Shuka la Mama linalotumika lina mistari mingi myepesi inayopishana. Hili ulilonitumia lina mkunjo mmoja tu, umezama, na juu yake pana njano. Njano ile haiji kwa wiki moja. Inakuja kwa miezi ya kukaa kabatini bila kufunuliwa. Ulilirushia maji, ukalipitishia pasi juu juu, ukaandika harufu ya jua. Lina harufu ya mbao, mdogo wangu.

Basi Mama hajalalia shuka hili tangu mwaka jana, na wewe kila Jumamosi unafua hewa. Nilipofika hapo nikazirudia barua zako zote tatu za tangu Februari. Umehamia nyumbani ghafla, wewe uliyekuwa unaapa hutaishi tena chini ya dari ile. Hujui kufua kitani na huna wa kumuuliza. Una mtu anayetaka shuka la kitanda kipana, na kitanda cha Mama ni chembamba, cha mtu mmoja. Sasa nakuuliza waziwazi. Umeleta mwanamume katika nyumba ya Mama? Umemtoa Mama chumbani kwake ili umweke huyo? Umempeleka wapi, kwenye nyumba ya wazee? Au niulize lile ambalo siku nne hizi limenikaa kifuani: Mama amekufa, na umenificha?

Sitaki habari za mwalimu mkuu. Nataka kujua kitu kimoja. Mama yu hai, na kama yu hai, yuko wapi?

Nimeomba likizo. Wamenipa ya Julai, si mapema zaidi. Ukininyamazia mpaka hapo, nitakuja na nitaanza na polisi kabla sijafika kwako.

Dada yako


Tarehe 25 Mei

Kwa Dada,

Shikamoo.

Mama yu hai. Nimeliweka mwanzo ili usije ukairuka mistari ukitafuta. Yu hai, ni mzima, anakula vizuri, anacheka. Nisamehe kwa hizo siku ulizokaa na lile jambo kifuani. Barua yako niliisoma chooni shuleni na nikalia, nusu kwa huruma na nusu kwa hasira. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliapishwa, na ilibidi niende mwenyewe kuomba ruhusa ya kuvunja kiapo. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza Mama alikataa.

Mwanamume yupo. Ila si wangu, ni wa Mama. Wamefunga ndoa tarehe ishirini Januari, watu saba tu, nami nikiwa shahidi.

Ni fundi saa. Zamani alikuwa anakuja kuzitengeneza saa za ukutani pale nyumba ya wageni, Mama akiwa chumba cha kufulia. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka jana alimtafuta Mama mpaka akampata, akawa anakuja kila mwisho wa mwezi kurekebisha ile saa ya sebuleni ambayo haikuwa na ubovu wowote. Anaishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka hapa, na duka lake liko huko, kwa hiyo Mama ndiye aliyehama. Aliondoka na mashuka manne, akaniachia manne. Mimi nimekuja kuilinda nyumba tu. Swali la kuunganisha mashuka lilikuwa la Mama. Alikuwa anajua kila kitu cha kitani isipokuwa shuka la watu wawili, kwa sababu hajawahi kulihitaji tangu Baba, na kitanda cha Baba kilikuwa hicho hicho chembamba. Alisema, "Muulize dada yako, lakini usimwambie ni mimi."

Utauliza kwa nini. Dada, unajua kwa nini.

Unamkumbuka yule tarishi mstaafu? Aliyekuwa anakuja Jumapili na gazeti lake, anamsomea Mama habari, wanakunywa chai, anaondoka kabla jua halijazama? Ulikuja likizo ukamkuta. Ulimkalisha sebuleni ukamuuliza ana umri gani, ana watoto wangapi, anaishi wapi, kwa nini haishi na watoto wake. Ukamwomba kitambulisho. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika sinia, nikaona yule mzee anavyokitafuta mfuko hadi mfuko. Kesho yake ukaenda posta kuulizia tabia yake kwa watu aliofanya nao kazi. Hakurudi tena. Mama hakukwambia neno. Ila Jumapili sita mfululizo alikuwa anaandaa vikombe viwili.

Mara hii alisema, "Huyu hatamhoji. Huyu namficha mpaka awe mume wangu." Hayo ni maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza.

Mimi nimekudanganya, ndiyo. Nimefua hewa, kama ulivyosema. Lakini kunishuku kwamba nimemtupa Mama ili niweke mwanamume kitandani kwake, Dada, hilo litanichukua muda kulimeza.

Kitinda


Tarehe 6 Juni

Kwa Kitinda,

Barua nimeipata. Nimefurahi Mama ni mzima. Naandika ninayoyajua.

Yule tarishi nilikuwa namlinda Mama. Mwanamke mzee, peke yake, na nyumba yake. Wewe ni mwepesi wa kuamini watu, mtu lazima awe mgumu. Sikumfukuza, nilimuuliza tu.

Na huyu je? Mke wake alifariki kwa nini? Ana watoto wangapi, na wao wanasemaje? Nyumba anayoishi ni yake? Alimtafuta Mama mwaka jana, kwa nini si mwaka juzi? Mtu gani anatengeneza saa nzima kila mwezi bila sababu?

Nipe anwani. Likizo yangu inaanza tarehe kumi na nne Julai.

Kwa lile la kitandani, nimekosa. Niliandika nikiwa na hofu. Samahani.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Kwa Dada,

Shikamoo. Samahani yako nimeipokea.

Barua yako nimempelekea Mama na nimemsomea yote, hata maswali. Fundi saa alikuwa mezani na kioo chake jichoni, anachokonoa saa ya mtu, akawa anasikiliza. Nilipomaliza, Mama akasema, "Mwambie aje. Aje siku ya kufua, sina muda wa kukaa naye tukitazamana." Fundi saa aliuliza tu swali la tatu lilikuwa lipi, nikamsomea tena.

Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Nakuomba kitu kimoja, Dada. Ukifika, kaa kwanza.

Kitinda


Tarehe 18 Julai

Kwa Kitinda,

Nakuandikia nikiwa kwa Mama, kwenye meza ya fundi saa, na nimeonywa nisipumue kwa nguvu maana kuna skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Kila ukuta una saa na zote zinasema kitu kimoja, mwenyewe anaona fahari. Mama amenenepa. Mashavu yamerudi. Amejifunga kanga mpya na ananiambia nimekonda, wakati tangu nipande cheo sare yangu ya zamani hainiingii tena. Anasema uache kuwasomesha watoto bila kunywa chai. Amesema niandike hivyo hivyo.

Nilifika jana asubuhi. Geti ni dogo, la mabati, na uani kuna kamba mbili za kuanikia zilizovutwa sawasawa, nikajua nimefika. Mama alikuwa ameinamia beseni. Alinitazama, akafuta mikono, akanikumbatia, lakini kwa namna ya kunishika nisipite haraka. Nilikuwa na maswali yangu, sitakuficha, nilikuwa nimeyaongeza ndani ya basi.

Sikupata nafasi ya kuyauliza. Niliingia sebuleni nikamkuta fundi saa amekaa. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama, kajinyoa akajikata kidogo kidevuni. Aliinuka, akanipa mkono, akasema, "Karibu, mwanangu. Nimekutayarishia." Mezani alikuwa ameweka kitambulisho chake. Pembeni cheti cha kifo cha mke wake. Pembeni karatasi za nyumba. Pembeni, kwa mwandiko mzuri sana, majina ya watoto wake watatu, kazi zao na mahali wanapoishi, na chini yake ameandika: "Wanajua na wameridhika." Kisha karatasi nyingine, jibu la swali langu la nne. Ameandika kwamba hakumtafuta mwaka juzi kwa sababu mwaka juzi bado alikuwa anaandaa sahani ya marehemu mkewe.

Alisimama akingoja, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa mwajiri. Mtu wa umri wa Baba.

Ungependa nikwambie kwamba nilivisukuma vile vyeti nikasema havihitajiki. Sikufanya hivyo. Nilichukua kitambulisho nikakisoma, Kitinda. Nilikisoma chote, namba na tarehe, kwa sababu sijui kufanya vinginevyo, na nikiwa nakisoma aibu ilikuwa inanipanda kutoka miguuni. Ndipo nikamkumbuka yule tarishi. Nilikuwa nimesahau hata sura yake, na jana ikanijia yote. Nikakirudisha kwa mikono miwili, nikamwambia shikamoo, ambayo nilikuwa sijampa. Akaitikia marahaba kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikakaa, kama ulivyoniomba, ila nilikuwa nimechelewa.

Baada ya hapo Mama akaingia na mashuka yaliyoanuliwa. Yalikuwa mawili, ya kupigwa pasi. Kumbe kuna kitu nilikuwa nimekisahau kabisa, kwa sababu kazini mashine ndiyo inafanya. Kitani kikitoka kwenye kamba kimejivuta upande, pembe hazikutani. Kabla ya pasi wanasimama watu wawili, kila mtu na ncha zake mbili, wanarudi nyuma, wanavuta mpaka kinyooke. Fundi saa akainuka bila kuitwa, akashika kwake, Mama kwake. Walivuta wakirudi nyuma, wakasogeleana wakakunja, wakarudi tena. Mama alikuwa anacheka kidogo, sijui kwa nini, labda hivyo tu.

Halafu mteja akabisha hodi dukani na mzee akatoka. Mama akabaki na shuka la pili mkononi. Mimi nimekaa kwenye kiti, hatua tatu kutoka kwake. Aligeuka, akaenda mlangoni, akaanza kufunga ncha za shuka kwenye kitasa.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Akanitazama kama aliyezinduka. Akasema, "Mazoea. Tangu mlipoondoka nilikuwa nafunga huku kwenye kitasa, nashika huku, navuta. Miaka kumi na miwili, mwanangu. Mlango haukupunguzii kazi, unasimama tu."

Miaka hiyo yote nilikuwa naandika barua kuuliza nani anaingia kwake na nani anatoka. Wewe ulikuwa nyumba za walimu, mwendo wa dakika ishirini, nami nilikuwa huku najua kufua kuliko watu wote. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza nani anamshikia upande wa pili. Sikuandikii kukulaumu. Naandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa, fundo la kwanza limeshafungwa.

Nikamwambia, "Lakini leo mimi nipo, Mama."

Akasema, "Ulikuwa hujasema."

Dada yako